Kufuli la simu: Kenya 2008, Kongo 2018

Kobalti ya Kolwezi inaingia ndani ya betri za simu duniani kote. Lakini kuwa na simu hakumpi mtu sauti kila siku.

Nchini Kenya, uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka 2007 ulifuatwa na mauaji. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Serikali ilipokataza matangazo ya moja kwa moja, Wakenya wachache, akiwemo Ory Okolloh, walianzisha programu ya Ushahidi mwanzoni mwa 2008. Raia alituma habari, tukio likaonekana kwenye ramani. Programu hiyo ni huru: yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha bila kulipa. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Hapa Kongo, watu walipiga kura tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa kwa amri ya serikali, kisha ujumbe mfupi nao ukazuiwa. Ilichukua karibu siku 20. WhatsApp ya kampuni kubwa ya Marekani na programu huru zilinyamaza pamoja.

Programu huru inaondoa kufuli la kampuni. Kufuli la mtandao linabaki kwa mwenye amri. Siku zile, kupiga simu ya sauti bado kuliwezekana. Familia iliyohama iandike namba za ndugu zake kwenye karatasi.