Jabari na Mkabala: Safari ya Mlinganyo hadi Kakamega

Aljebra huogopwa kama somo la wageni, ilhali maneno yaliyoizaa tunayatamka kila siku. Karibu mwaka 820, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha hesabu za al-jabr na al-muqabala. La kwanza ni kuunga kilichovunjika, kama mfupa, na mzizi wake ndio uliotupa jabari. La pili ni kuweka vitu uso kwa uso. Kwetu limekuwa kukabili na mkabala. Al-Khwarizmi hakuwa na x. Aliandika kwa maneno matupu, akiwafikiria wagawa mirathi, wafanyabiashara na wapima mashamba.

Shule za Afrika Mashariki zilikutana na aljebra kwa njia nyingine. Kuanzia 1962 walimu wa Kiafrika na wataalamu kutoka Marekani walikusanyika Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya, iliyojaa lugha ya seti. Kenya iliifuata, kisha mwaka 1981 ikaiacha. Kabla na baada ya hisabati hiyo, wanafunzi wengi walibaki na amri moja: namba ikivuka alama ya sawasawa, jumlisha hugeuka kuwa toa. Jibu hupatikana, lakini sababu hufichika, na kwangu hiyo ni hasara kubwa kuliko kukosa jibu.

Ndiyo maana mwaka 1998 ni muhimu Kakamega. Serikali ya Kenya na shirika la Japani JICA zilipoanzisha SMASSE, mradi wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, Kakamega ilikuwa miongoni mwa wilaya tisa za mwanzo. Mkazo ulikuwa shughuli, mwanafunzi mwenyewe, majaribio, na vifaa vya kubuni pale vya dukani vinapokosekana.

Kifaa cha kubuni kinachofaa hapa ni mizani: kijiti, uzi na makopo mawili. Upande mmoja tia vibiriti vitatu vilivyofungwa, vyenye misumari sawasawa, na misumari miwili nje. Upande wa pili tia misumari 14 na vibiriti vitatu vitupu, la sivyo uzito wa makasha utaidanganya mizani. Huo ni 3x + 2 = 14. Ni mlinganyo wa mstari kwa kuwa x haijazidishwa kwa yenyewe wala haijakaa kwenye asili ya sehemu; ukiuchorea grafu y = 3x + 2, utapata mstari ulionyooka. Ondoa misumari miwili kila upande, na mizani haitikisiki. Hiyo ndiyo muqabala. Kumi na miwili iliyobaki igawe kwa vibiriti vitatu: kila kimoja kina minne.

Kazi huja kwenye 5x − 3 = 12, maana misumari isiyokuwapo haiwekwi kwenye kopo. Funga vibiriti vitano vyenye misumari sawasawa, na ng'ambo weka misumari 12 na makasha matano matupu. Mbele ya darasa, fungua kibiriti kimoja, utoe misumari mitatu, mizani inatulia. Kisha irudishe misumari hiyo mahali pake, na ng'ambo uongeze mitatu. Kilichovunjika kimeungwa: 5x = 15. Mtoto anayehesabu misumari mitatu kwa kila kibiriti amefanya al-jabr kwa mikono yake.