Wanafunzi wawili na picha ya jicho

Kuna mzee anayeona mlango vizuri, lakini uso wa mtu mbele yake umefunikwa na doa. Ni ugonjwa wa uzee unaoshika makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina. Tangu Helmholtz atoe kioo chake mu 1851, daktari aliweza kuona madoa ya manjano ndani ya jicho. Lakini mishipa mipya inayovuja, ile njo inaharibu macho haraka, ilikuwa ngumu kuitambua.

Njia ilitoka kwa wanafunzi. Kule Indianapolis, Marekani, Harold Novotny na David Alvis walikuwa wangali wanasoma udaktari. Walidunga rangi ya fluoresini mu mshipa wa mkono, wakapiga picha wakati inapita jichoni. Jicho la kwanza lilikuwa la Alvis mwenyewe! Jarida moja la madaktari wa macho likakataa makala yao (sisi wenye memwari zinazolala mu kabati tunaelewa). Mu 1961 ikatoka mu Circulation, jarida la moyo na damu. Kisha Gass wa Miami akatumia picha hizo kueleza vile mishipa inaota chini ya makula.

Mu 1991 ikatoka makala ya OCT, mashine inayosoma retina tabaka kwa tabaka kwa mwanga, vile sisi wa agronomi tunasoma udongo, ila bila kuchimba shimo. Jina la kwanza juu yake ni David Huang, naye alikuwa mwanafunzi. Leo daktari anaangalia picha hiyo kama maji yamerudi chini ya retina, njo anaamua kama mzee adungwe tena.