Waliofundwa na Waya wa Shaba

Mshauri elekezi wa mawasiliano mwenye mvi mjini Nairobi, yule anayeitwa na benki au serikali ya kaunti aseme mtandao ujengwe vipi, mara nyingi alianzia kwenye waya wa shaba. Tumezoea kuambiwa kwamba taaluma yake ililetwa na kampuni za simu za mkononi. Sikubali. Kampuni hizo zilikuta watu wamekwisha kuiva, na walioiva waliivishwa kwa fedha za umma. Huko Mbagathi, kando ya Barabara ya Magadi, kulikuwa na chuo tangu 1948 kilichowafunza watumishi wa posta na simu wa Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na shirika lake la posta na simu, lakini ujuzi ulikuwa umeshaingia vichwani na mikononi.

Tazama kazi yenyewe. Fundi aliyeshuka shimoni kando ya barabara kuunga kebo ya jozi 100 alikuwa na nyaya 200 mbele yake, na akikosea jozi mbili tu, simu ya duka inalia zahanati. Kwenye kebo za plastiki rangi ndizo zilizomwongoza: nyeupe na buluu, nyeupe na chungwa, nyeupe na kijani, nyeupe na kahawia. Pasua leo kebo ya kompyuta ofisini kwako. Utazikuta jozi nne, kwa rangi hizo hizo. Ndiyo maana intaneti ilipoingia miaka ya 1990, ikipita kwenye laini za simu, fundi huyu hakuwa mgeni. Modemu ikikatakata kila mvua inyeshapo, wenye kompyuta walilaumu kompyuta. Yeye alikwenda kutafuta maji kwenye kiungio.

Atakayenipinga ana hoja nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kenya yenye watu karibu milioni 30 ilikuwa na laini za mezani kama laki tatu tu, na watu walisubiri miaka kuunganishiwa simu. Shirika la namna hiyo lisifiwe kwa lipi? Lakini fundi hakupanga bajeti wala hakuteua wakurugenzi. Safaricom yenyewe ilianza mwaka 1993 kama idara ndani ya shirika hilo, miaka kabla ya Vodafone kuingia. Shirika lilipogawanywa mwaka 1999, na maelfu wakapunguzwa kazini miaka iliyofuata, aliyeujua mtandao shimo kwa shimo aliweza kuuza ujuzi wake kwa mkataba.

Lililo gumu zaidi kwangu ni la mwaka 2000. Watoa huduma za intaneti walifungua Nairobi kituo cha kubadilishana data, ili barua pepe ya jirani kwa jirani isipitie ng'ambo. Telkom Kenya, iliyorithi simu za shirika lile, ililalamika kwamba haki yake ya ukiritimba imevunjwa, na kituo kikafungwa baada ya wiki mbili hivi. Hapo nyumba iliyolea mafundi iliwafungia njia warithi wao, nami siitetei. Ila hapo pia mshauri alipata sura yake ya leo: ilibidi kuisoma sheria kwa makini yale yale ya kuisoma kebo, na watoa huduma wakajenga hoja kwamba kituo ni kundi funge la watumiaji, ambalo sheria iliruhusu. Kilifunguliwa tena Februari 2002.