Kinga dhidi ya Uchawi katika Masimulizi ya Abagusii: Kitu, Neno na Mtu

Imani kwamba kitu fulani chaweza kumkinga binadamu dhidi ya viumbe na nguvu zisizoonekana imeenea katika mataifa mengi, lakini asili ya nguvu ya kinga hiyo si moja kila mahali. Katika masimulizi ya Ulaya chuma chenyewe ndicho kilichoogopwa, na kwa sababu hiyo kiatu cha farasi kilipigiliwa mlangoni. Katika upwa wa Waswahili hirizi huheshimiwa kwa ajili ya maandishi yaliyomo, wala si kwa ngozi iliyoyafunika. Masimulizi ya Abagusii, tangu Sironga na sehemu nyingine za Nyamira hadi Kisii, yaonyesha njia ya tatu: kitu hupata maana yake kutokana na mtu anayekishika.

Anayeogopwa hapa si jini wala zimwi, bali ni jirani. Huyu ni omorogi (wingi abarogi), ambaye husimuliwa kuwa hutembea usiku akiwa uchi, amebeba chungu cha moto ambacho mwanga wake huonekana na kutoweka. Vifaa vyake ni vya kawaida mno: nywele, kucha, na masalio mengine ya mwili wa yule anayekusudiwa kudhuriwa.

Dhidi ya omorogi walisimama wataalamu watatu, ambao Robert LeVine aliwaeleza kutokana na utafiti alioufanya kati ya 1955 na 1957. Omoragori alipiga ramli ili kutambua chanzo cha balaa. Omoriori aliitwa nyumbani kuvifukua vitu vilivyofichwa na adui. Omonyamosira alitoa dawa za kuilinda nyumba, na pia za kulipiza kisasi. Huyu wa mwisho naye aliogopwa, kwa kuwa dawa zake ziliaminiwa kuwa zaweza kuua. Hivyo basi, kilichomtenga na omorogi hakikuwa dawa yenyewe, bali nia yake na ridhaa ya watu waliomwendea.

Msamiati wenyewe washuhudia ukale wa mgawanyo huu. Mzizi -rog- ndio ule ule wa Kiswahili -roga au -loga. Na omoragori ni ndugu wa mwaguzi wa Kiswahili na wa omulaguzi wa Kiganda. Tofauti kati ya kuroga na kuagua, kwa hiyo, haikubuniwa katika vilima vya Kisii. Ni urithi wa lugha nyingi za Kibantu.

Serikali ya kikoloni ilipotunga Sheria ya Uchawi ya Kenya mwaka 1925, mgawanyo huo haukupata mahali. Sheria ilimtia hatiani mtu aliyekuwa na hirizi au kifaa kinachotumiwa katika uchawi kwa ajili ya kutia hofu au kudhuru, naye akashindwa kutoa sababu ya kuridhisha ya kukaa nacho. Ijapokuwa dhara ilitajwa, mzigo wa kujieleza uliwekwa juu ya mwenye kitu. Omonyamosira, mlinzi na mwuaji kwa pamoja, hakuwa na jina katika lugha hiyo.

Jambo hili si la msamiati pekee. Mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wachawi katika nchi ya Kisii kati ya 1992 na 1994, ambayo Justus Ogembo aliyachunguza katika kitabu chake cha 2006, yalifuatwa na kuchomwa moto kwa watu wasiopungua 11 mwezi Mei 2008, na kuuawa kwa wanawake wanne wazee huko Marani mwezi Oktoba 2021. Haitakuwa haki kuitwika sheria ya 1925 lawama hiyo yote, wala kudhani kwamba zamani damu haikumwagika. Yafaa itambuliwe kwamba chuma kilichopigiliwa mlangoni hakimtaji jirani yeyote, ilhali kinga inayoanza kwa kuuliza "Ni nani?" yaweza kuishia kwa kumtaja mtu.

Kwa hiyo, mwenye kukusanya masimulizi ya kinga katika sehemu hizi hana budi kuandika si jina la mzizi au la unga tu, bali pia nani aliyeutoa, kwa ombi la nani, na dhidi ya nani. Bila ya hayo, atakuwa amehifadhi kitu na kuipoteza maana yake.