Kabla hujanunua GPS ya boti, sikia habari za Royal Majesty

Kusi likiisha na bahari ikatulia, jamaa zangu wenye viboti pale Msasani huwa na swali moja tu. Hawa si wavuvi wa kutafuta riziki, ni watu wa ofisini ambao Jumamosi wanakimbilia Latham kufuata jodari na nduaro. Swali lao: tununue GPS ipi? Kisha wanaanza kubishana kuhusu ukubwa wa skrini. Mimi ni mwandishi wa habari, si nahodha, lakini historia ya chombo hiki nimeifuatilia, na naona ubishi wenyewe umekaa upande.

Turudi nyuma kidogo. Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya GPS mwaka 1978, kwa ajili ya jeshi lake. Septemba 1, 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyotoka Anchorage kwenda Seoul ilipotea njia, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti, ikatunguliwa. Watu 269 wakafa. Siku chache baadaye serikali ya Rais Ronald Reagan ikatangaza kwamba mfumo ule ukikamilika, raia wa nchi zote watautumia bure.

Ila jeshi halikutoa kila kitu. Mawimbi ya raia yalitiwa kasoro kwa makusudi: unaambiwa uko hapa, kumbe uko mita mia kule. Magellan walitoa GPS ya mkononi mwaka 1989 kwa karibu dola 3,000. Garmin wakaja na ya kwao mwaka 1990, dola 2,500. Fikiria pesa hizo zote, halafu mlango kati ya miamba huuoni! Vita vya Ghuba vikaleta kichekesho. Jeshi la Marekani likaishiwa vifaa vyake, askari wakatumia vya kiraia, ikabidi ile kasoro izimwe kwa muda ili wao wenyewe wasipotee jangwani. Usiku wa Mei 1, 2000 Rais Bill Clinton akaizima moja kwa moja.

Kwa mtu wa boti, tangu usiku ule ubishi wa GPS ipi ina shabaha zaidi umekwisha. Ya bei poa na ya bei mbaya zote zitakuonyesha mahali ulipo kwa tofauti ya mita chache. Ubora uko kwingine kabisa, na hapo ndipo wengi wanapopigwa dukani.

Sasa Royal Majesty. Hii ilikuwa meli ya watalii, Juni 1995, inatoka Bermuda kwenda Boston na watu 1,509. Ilikuwa na GPS, rada, kipimo cha kina, kila kitu. Muda mfupi baada ya kuondoka, waya wa antena ulichomoka. GPS haikuzima. Ikaanza kukisia: inachukua mwendo na uelekeo wa meli, inapiga hesabu, bila kujua upepo na mkondo vinaisukuma wapi. Ilitoa mlio wa kama sekunde moja, kisha ikaandika vijiherufi vichache pembeni mwa skrini. Hakuna aliyeviona. Saa 34 baadaye meli ikapanda fungu karibu na kisiwa cha Nantucket, maili 17 kutoka pale ambapo maofisa waliamini wapo.

Kinachonisumbua mimi ni zile saa 34. Maofisa walibadilishana zamu mara kadhaa, na kila aliyeingia aliangalia skrini ile ile. Rada ilipoonyesha kitu mahali walipotegemea boya, wakasema ndilo hilo, kumbe ni boya jingine kabisa. Kengele ya kipimo cha kina ilikuwa imewekwa kwenye sifuri, maana yake ingelia meli ikishagusa chini. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Kuna kisa kingine, tena cha Bahari ya Hindi yetu hii. Novemba 29, 2014 mashua ya mashindano, Team Vestas Wind, ilikuwa njiani kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi. Usiku, ikiwa na kasi ya mafundo 19, ikavamia miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius. Safari hii setilaiti na waya vilikuwa salama. Tatizo ni kwamba ramani ya kompyuta ilikuwa imetazamwa kwa mbali, na ukiitazama kwa mbali miamba ile haionekani, unaona maji yenye kina tu. Watu 9 wote waliokolewa.

Kwa hiyo ningekuwa na boti, pesa yangu ingeanzia kwenye antena ya nje iliyofungwa vizuri na waya usiokaa mahali pa kukanyagwa. Ningemwambia muuzaji achomoe ule waya mbele yangu, nisikie kifaa kinalia namna gani. Kama hakilii, nakirudisha kwenye kabati lake. Ningedai kipimo cha kina chenye kengele, na GPS ndogo ya mkononi yenye betri zake, kwa sababu betri ya boti ikifa kila kitu kinakufa nayo. Ramani ningeikuza pale dukani nione kama mafungu ninayoyajua yamo. Kapteni Owen wa Uingereza alipopima mwambao huu miaka ya 1820 alitumia bildi, ile kamba yenye risasi, na sehemu nyingi za dunia ramani za skrini bado zinategemea vipimo vya zamani. Skrini kubwa ingekuja mwisho, kama kuna chenji.

Halafu kuna jambo ambalo wavuvi wa hapa hawahitaji kuambiwa. Siku za bamvua unatoka alfajiri maji yamejaa, unapita juu ya mwamba bila hata kuujua. Ukirudi saa nne asubuhi kwa kufuata mstari ule ule kwenye skrini, mwamba umetoka nje, na mstari bado unapita juu yake.