Mashine ya Wino Ilivyogeuka Mchambuzi wa Damu

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika maabara ya Los Alamos, Marekani, kulizuka ubishi kuhusu chembe nyekundu za damu. Kifaa cha kupimia ukubwa wake kilichora grafu yenye vilima viwili. Basi kuna chembe za aina mbili, wakadai baadhi ya wanasayansi. Mack Fulwyler, mtafiti wa maabara hiyo, hakuridhika. Aliona njia ya kumaliza ubishi ni kuzitenga chembe za kila kilima, kisha kuzipima upya.

Azitenge kwa kutumia nini? Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Richard Sweet alikuwa ameunda mtambo wa kuandika kwa matone ya wino yanayopindishwa na umeme yakiwa hewani. Fulwyler akaazima ufundi huo, mahali pa wino akatia damu. Mchirizi mwembamba wa maji ya chumvi yenye chembe hutikiswa hadi ukakatika matone. Chembe hupimwa kwanza. Mtambo husubiri kitambo kidogo mno mpaka ifike pale mchirizi unapokatikia, ndipo tone lililoibeba hutiwa chaji. Likipita kati ya mabamba mawili ya umeme, huvutwa upande na kudondokea kwenye chombo chake. Kipimo cha kusubiri kikikosewa, chaji huangukia tone jirani.

Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1965. Na vile vilima? Kila kundi lilipopimwa tena, lilichora vilima viwili vilevile! Kumbe kasoro ilikuwa ya kipimo, si ya damu. Mtambo ulizaliwa na swali bovu, na kazi yake ya kwanza ikawa kulifuta.

Leonard Herzenberg wa Stanford naye alichoka kukodolea hadubini akihesabu seli zilizotiwa rangi ya kung'aa. Akapata michoro ya Los Alamos, na mwaka 1969 yeye na wenzake wakatangaza mtambo unaochagua seli kwa mng'ao wake. Mwaka 1972 wakaufungia leza.

Mashine za ukoo huo, zinazohesabu bila kutenga, ndizo zilizoleta hesabu ya CD4, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na virusi vya UKIMWI, katika mazungumzo ya kliniki zetu. Kwa miaka mingi mgonjwa alianzishiwa ARV, dawa za kufubaza virusi hivyo, kwa kutazama hesabu hiyo: chini ya 200, baadaye 350, kisha 500. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likashauri kila mwenye virusi vya UKIMWI aanze dawa bila kungoja namba. Kipimo kingali kinahitajika, hasa kwa anayefika hospitalini akiwa hoi.