Kiambishi -ja- na Sarufi ya Matarajio: Masasi, Newala na Ng'ambo ya Ruvuma

Korosho zikishauzwa mnadani chini ya chama cha ushirika cha TANECU, mkulima wa Newala husubiri malipo yake benki. Akiulizwa, aweza kujibu "hela hazijaingia" au "hela hazikuingia". Jibu la kwanza linaacha mlango wazi: malipo yanatarajiwa, na anayesema bado anayangoja. La pili linaifunga siku iliyopita, na mara nyingi ndiyo sauti ya malalamiko. Tofauti yote imebebwa na silabi moja ndani ya kitenzi. Ninadai kwamba silabi hiyo ni chombo cha kueleza matarajio, na kwamba tunaipunguzia hadhi tunapoifundisha kama ukanushi wa -me- tu.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji, lugha rasmi ni Kireno, na tangu Daraja la Umoja lifunguliwe pale Mtambaswala mwaka 2010, mtu wa Masasi amekuwa na sababu zaidi ya kuisikia. Kireno hupanga jambo hili kwa njia nyingine. *Não chegou* ni "hakufika". Ili kupata "hajafika" lazima kielezi kiongezwe: *ainda não chegou*. Kiitaliano, ndugu yake, hufanya vivyo hivyo: *non è ancora arrivato*. Kitenzi chenyewe hakisemi kama kufika kunangojwa.

Hata hivyo lugha hizo mbili si maskini wa matarajio. Kireno kina *há de chegar*, ambayo Mswahili angeisema "atafika tu", kwa uhakika wa anayengoja bila wasiwasi. Kiitaliano husema *dovrebbe essere arrivato*, yaani kwa hesabu zetu awe ameshafika. Zaidi ya hayo, vitenzi vya kutumaini na kutazamia huvuta dhamira tegemezi katika kishazi kinachofuata: *espero que chegue*, *mi aspetto che arrivi*. Dhamira hiyo haithibitishi tukio wala hailikani. Inaliweka mbele ya macho ya msemaji, likiwa halijawa.

Hapa ndipo ulinganisho unapozaa matunda. Tazama vishazi vya "kabla". Kireno husema *antes que chegue*, Kiitaliano *prima che arrivi*. Zote mbili hudai dhamira tegemezi. Kiswahili sanifu husema "kabla hajafika". Kama -ja- ingekuwa ukanushi mtupu, sentensi "tulipika kabla mgeni hajafika" ingekuwa ya ajabu, kwa sababu mgeni huyo aweza kuwa alifika na chakula akala. Hakuna kinachokanushwa. Kiambishi kinalitazama tukio kutoka upande wa huku, likiwa bado linangojwa, na kazi hiyo ndiyo inayofanywa na dhamira tegemezi katika lugha zile. Wasemaji wengi wa Kenya husema "kabla afike", kwa umbo liishialo na -e, umbo ambalo wanasarufi wengi hulilinganisha na dhamira hiyo hiyo. Maumbo mawili yanapopokezana nafasi moja, yana undugu wa maana.

Ushahidi wa pili unatoka katika adabu. Ukiulizwa hali ya mzee anayeugua, huwezi kujibu "hajafa". Utasema "yupo" au "anaendelea". Sentensi "hajafa" ni kweli tupu, lakini inaumiza, kwa kuwa inadokeza kwamba kifo kinasubiriwa. Mreno atamuudhi mwenzake kwa kutia *ainda*. Akiliacha, *não morreu* ni taarifa ya kawaida. Kwetu hakuna cha kuacha. Uchungu umo ndani ya kitenzi.

Pingamizi kubwa ni kwamba watu husema "sijamwona" bila kumngoja yeyote. Ni kweli, lakini jibu hilo kwa kawaida hufuata swali, "umemwona fulani?", na anayeuliza ndiye aliyeleta tarajio. Nakubali kwamba katika vinywa vya wengi -ja- inaelekea kuwa ukanushi wa kawaida wa -me-. Lugha hubadilika. Lakini "kabla" na "hajafa" zinaonyesha kiini bado kiko hai.

Si jambo la Kiswahili peke yake. Ljuba Veselinova na Maud Devos wamechunguza maumbo ya "bado" katika lugha za Kibantu kama kundi la kisarufi linalojitegemea, na Devos ndiye mwandishi wa sarufi ya Kimakwe (2008), lugha ya pwani ya Msumbiji kaskazini, jirani na Kimakonde. Njia hiyo ingefaa madarasa yetu pia. Majedwali ya shule huweka "amefika / hajafika" upande kwa upande na kumaliza hapo. Mwanafunzi anayetoka Msumbiji na Kireno chake hujifunza umbo upesi, kisha anajibu "hajafa" kwa nia njema kabisa, na hakuna ukurasa wa kitabu uliomwonya. Mwalimu akianza na "kabla hajafika" sambamba na *antes que chegue*, mwanafunzi huyo atakuwa na pa kukanyaga, maana tarajio lile analijua tayari kwa lugha yake.